Jiko la Navratri: shajara ya kumpikia Ba siku kumi za mfungo

Jumapili, 10 Agosti 2025

Mwaka jana, siku ya sita ya Navratri, mfungo wa Wahindu, Ba, bibi wa Kigujarati ninayempikia, alianguka mlangoni pa bafu. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, ila mfungo ulipokwisha alikuwa amepungua kilo tatu, na mtu wa miaka 71 mwenye umbo lake hana kilo tatu za kupoteza. Daktari akamwambia ama aache kufunga, ama ale chakula chenye nguvu na asikose maji. Njiani kurudi Ba akaniambia mimi: "Kuacha siachi, mwanangu. Labda sufuria ndiyo ibadilike."

Huu ni mwaka wa kumi na moja nampikia, hapa Upanga, Dar es Salaam. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Kufunga nakujua na futari nimeipika tangu niko kwetu. Chakula cha mfungo wa Wahindu wa Kigujarati, wao wanakiita farali, nimefundishwa na Ba mwenyewe, na nikawa nakipika vilevile nilivyofundishwa. Siku aliyoanguka alikuwa amekula hivi: asubuhi chai ya maziwa, mchana sabudana (vile vipunje vyeupe vya pakiti) na mbatata, jioni chipsi na ndizi moja. Wanga juu ya wanga, na mafuta juu yake. Hilo limenikaa moyoni mwaka mzima.

Najua tuko wengi tunaopika kwenye nyumba za namna hii, Upanga na Kisutu, Mombasa, Nairobi. Naandika ili anayetaka achukue, na nitaandika vilivyoharibika na pesa zilizokwenda navyo.

Masharti ya nyumba hii kwanza. Nafaka hakuna: ngano, mchele, mahindi. Jamii ya kunde hakuna: dengu, choroko, maharage. Vitunguu maji na vitunguu saumu hakuna. Manjano, haradali na mvuje hakuna. Nyama na mayai hata siku za kawaida hayaingii humu. Chumvi ya kawaida hakuna. Inatumika chumvi ya mawe, ile ya pinki, wanayoiita sendha. Vinavyoruhusiwa ni viazi vya kila aina, magimbi, boga, matunda, nazi, karanga, maziwa, mtindi na samli, jira, tangawizi, pilipili mbichi na pilipili manga, ndimu, sukari guru, pamoja na unga wa rajgira (mbegu za mchicha) na mbegu ndogo nyeupe wanazoziita moraiyo. Ila kila nyumba ina sharia yake. Jirani wa ghorofa ya juu anatia giligilani kwenye chakula cha mfungo, Ba haigusi. Uliza kabla hujawasha jiko.

Navratri ni usiku tisa wa kumwabudu Durga, Mungu Mama, katika sura zake tisa. Mwaka huu inaanza Jumatatu 22 Septemba. Kalenda yao inafuata mwezi, na safari hii siku moja imeongezeka, kwa hiyo mfungo unakwenda siku kumi hadi 1 Oktoba, na tarehe 2 ni Dussehra, siku ya kufungua. Siku kumi badala ya tisa. Nilipomwambia Ba kwamba hili linanitia wasiwasi, alisema Mama ameongeza baraka.

Nina bahati moja. Ba hufunga pia Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi wao, kwa chakula hikihiki. Kabla ya Navratri zimebaki tatu: 19 Agosti, 3 Septemba na 17 Septemba. Hizo ndizo siku zangu za majaribio.

Jumanne, 19 Agosti. Ekadashi ya kwanza: sabudana

Nimeanza na sabudana kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimjaza tumbo bila kumpa nguvu. Jana niliisoma pakiti yake kwa utulivu: ni wanga wa muhogo. Muhogo unasagwa, wanga unachujwa, unaviringishwa kuwa vipunje, unakaushwa. Huko India kazi hiyo inafanyika sana Salem, jimbo la Tamil Nadu. Kinachobaki kwenye vipunje ni wanga karibu mtupu. Protini haifiki gramu 1 katika gramu 100. Karanga gramu 100 zina kama 25. Nikaona mzani umelalia upande mmoja: nilikuwa natia karanga kiganja kimoja kama kiungo, sabudana ndiyo chakula. Lazima karanga nazo ziwe chakula.

Jaribio la kwanza limeharibika. Niliiloweka usiku kucha kwenye maji mengi ili ilainike vizuri, nikiogopa meno ya Ba. Asubuhi ilipoingia kwenye samli iligeuka gundi, sufuria nzima imeshikana, mwiko unasimama wenyewe. Gramu 250 za sabudana na karanga zake, Sh 4,000, zimetupwa.

Nikaanza upya, na hii ndiyo njia iliyokubali:

Osha sabudana mara tatu au nne mpaka maji yatoke maangavu kabisa. Ule unga wa juu ndio unaogeuka gundi. Mimina maji yafike usawa wa vipunje, yasizidi. Saa nne au tano zinatosha. Ichuje, itandaze juu ya kitambaa nusu saa. Bana kipunje kwa vidole viwili: kikipondeka chote bila kiini kigumu, iko tayari. Changanya na karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu *kabla* ya kuweka motoni, kwa sababu unga wa karanga unavivalisha vipunje visishikane. Samli kijiko kimoja cha chakula, jira, pilipili mbichi, tangawizi, kiazi kidogo kilichokatwa vipande, kisha sabudana. Geuza taratibu. Vipunje vikianza kung'aa kama kioo, zima moto hapohapo. Ukisubiri dakika mbili zaidi umerudi kwenye gundi.

Vipimo: sabudana gramu 100, karanga gramu 80. Ba alikula sahani moja badala ya mbili zake za kawaida, akasema ameshiba. Alipofika saa kumi na mbili jioni hakuwa ameomba kitu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Jumamosi, 30 Agosti. Manunuzi

Vitu vikavu nimevinunua leo Kisutu, mapema, kwa sababu wiki ya Navratri rafu zinabaki tupu na bei inapanda.

Sabudana kilo 1, Sh 9,000. Chumvi ya mawe kilo 1, Sh 7,000. Unga wa rajgira pakiti mbili za nusu kilo, Sh 22,000. Moraiyo kilo 1, Sh 12,000. Karanga mbichi kilo 3, Sh 15,000. Samli kilo 1, Sh 24,000. Jumla Sh 89,000.

Karanga nunua mbichi, uzichambue moja moja. Yenye ukungu, iliyokunjamana au iliyobadilika rangi itupe, usiseme itaiva. Sumu ya ule ukungu haiondoki kwa moto. Na zile za kukaanga za barabarani usiziguse kwa kazi hii, zimetiwa chumvi ya kawaida. Mwaka juzi nilizitumia bila kufikiri, na Ba alipoonja tu alijua. Hakunigombeza. Aliweka sahani chini, akashinda na maziwa.

Jumatano, 3 Septemba. Ekadashi ya pili: mtindi uliokatika, na chumvi

Moraiyo haina shida, inapikwa kama wali wa bokoboko: sehemu moja kwa maji matatu, dakika ishirini, moto mdogo. Inaonekana kama nafaka, lakini desturi yao inairuhusu siku za mfungo.

Shida ilikuwa kadhi, mchuzi wa mtindi wa kulia moraiyo. Siku za kawaida inafungwa kwa unga wa dengu, na dengu leo haziruhusiwi. Nikaupika mtindi mtupu, ukakatika: maji chini, vibonge juu. Lita moja ya mtindi, Sh 3,500. Nikajaribu tena kwa mtindi mwingine, ukakatika tena, na hapo nilikaa chini kidogo.

Mara ya tatu niliurudia mwendo wote polepole nikaliona kosa. Si unga peke yake. Ni joto na chumvi. Sasa nafanya hivi: mtindi uwe wa baridi, upigwe kwanza na vijiko viwili vya chakula vya unga wa rajgira kwa nusu lita ya mtindi na nusu lita ya maji, usiwe na kibonge hata kimoja. Unawekwa kwenye moto mdogo ukiwa baridi hivyohivyo. Mwiko usitoke mkononi mpaka mchemko wa kwanza upite. Chumvi inaingia mwisho kabisa, moto umezimwa. Jira na tangawizi zikaangwe pembeni kwa samli, zimiminwe juu. Imetulia, nzito kiasi, na rajgira imeongeza nguvu yake humo humo.

La pili ni la chumvi, na hili naomba lisomwe vizuri. Ba ana presha na anameza dawa. Siku za mfungo alikuwa akijitilia chumvi ya mawe bila kujizuia, kwa sababu watu wameshasemezana kwamba hiyo haipandishi presha. Nilikwenda kuuliza kliniki. Muuguzi akasema ni chumvi kama chumvi nyingine, sodiamu ni ileile, na zaidi ya hapo nyingi haina madini joto. Kwa hiyo tangu leo ninapima asubuhi kijiko kimoja cha chai, naweka kwenye kikopo kidogo, na hicho ndicho cha kutwa nzima kwa vyakula vyake vyote. Kikiisha, kimeisha; ladha inatafutwa kwa ndimu na pilipili manga.

Jumapili, 7 Septemba. Mbegu za mchicha

Leo usiku mwezi unapatwa, na Ba hataki jiko liwashwe tangu asubuhi. Nikatumia siku kuandika jambo lililokuwa likinisumbua: bei ya rajgira.

Rajgira ni mbegu za mchicha. Si mchicha ule ule tunaochuma majani, ni ndugu yake wa mbegu nyeupe, lakini ni ukoo mmoja. Gramu 100 zina protini kama 13 au 14, na ina lisini, sehemu ya protini ambayo kwenye ngano na mahindi ni haba. Pakiti ya India nusu kilo ni Sh 11,000. Nikajiuliza kwa nini tuagize mbegu za mchicha kutoka ng'ambo.

Makosa mawili nimekutana nayo, moja nililiepuka kwa bahati. Duka la pembejeo wanauza mbegu za mchicha kwa bei nafuu sana, nikawa nimeshatoa pesa. Muuzaji akaniuliza shamba langu liko wapi. Nilipomwambia ni za kula, alinirudishia pesa yangu: zile za kupanda zinatiwa dawa. Usinunue mbegu za duka la pembejeo kwa chakula. Nilipata za kula kwa mama mmoja Kariakoo anayeuza lishe ya watoto, kilo Sh 8,000.

Kosa la pili nililifanya mpaka mwisho. Nilizipeleka mashine ya kusaga, Sh 1,000. Zilirudi unga mzuri, mlaini, na ndani yake punje za njano. Mashine ilikuwa imetoka kusaga mahindi. Ba alitia kidole, akanusa, akasema: "Mahindi yamo." Kwake hiyo ni nafaka na mfungo umevunjika. Unga wote nikampa mlinzi wa chini, akapikia uji watoto wake. Sh 9,000.

Jibu lake: mbegu zisagwe nyumbani. Blenda yetu ina kikombe kidogo cha kusagia viungo. Nilikiosha, nikakikausha juani, nikasaga vijiko vitano kwa mara moja na kuchekecha. Inachukua muda, lakini unga wa kilo moja ni Sh 8,000 badala ya 22,000. Kwa mwaka huu nina pakiti tayari, kwa hiyo mbegu za nyumbani nitazitumia kubisisha.

Kubisisha kwenyewe nako kuna siri. Sufuria nzito, kavu, moto mkali, mpaka tone la maji likianguka linakimbia. Mbegu kijiko *kimoja* cha chakula, funika, tikisa, hesabu mpaka kumi na tano, mimina nje. Nilipotia vijiko vinne kwa pamoja, za chini ziliungua na za juu zikabaki mbichi. Bisi zake ni ndogo mno, nyeupe kama chenga za nazi. Ukichanganya na sukari guru iliyoyeyushwa na karanga zilizotwangwa, ukafinyanga viduara ingali moto, unapata ladu. Kimoja kinamtosha Ba na dawa yake ya asubuhi.

Ijumaa, 12 Septemba. Mikate ya rajgira

Nimepika chapati maisha yangu yote, na mikono yangu ilitaka kufanya chapati. Unga huu haukubali. Ngano ina ule mnato unaovutika, rajgira haina. Nilikanda, nikasukuma, ikapasuka pembeni. Nikaongeza maji, ikanata kwenye kibao. Nikaongeza unga, ikawa mchanga. Mikate sita, hakuna hata mmoja uliofika kikaangoni ukiwa mzima.

Kilichoshika ni kiazi. Unga gramu 200, kiazi kimoja cha kuchemsha kikubwa kilichopondwa kingali moto, jira, pilipili manga, kijiko cha mtindi, na maji ya moto kidogo kidogo. Kanda kwa muda mfupi, usiache ukalala, ukilala unalegea. Usisukume kwa mti. Weka donge kati ya karatasi mbili za nailoni zilizopakwa samli, tandaza kwa kiganja mpaka unene wa kidole cha mwisho upande wa ukucha, bandua karatasi ya juu, geuzia kikaangoni, bandua ya pili. Moto wa wastani. Usiugeuze mpaka ujiachie wenyewe.

Nilijaribu pia muhogo uliochemshwa mahali pa kiazi, na kwa kweli ulishika kuliko kiazi. Lakini Ba alisita: muhogo haumo kwenye orodha aliyoachiwa na mama yake. Nikamletea pakiti ya sabudana, nikamsomea. Alinyamaza muda mrefu. Akasema atamuuliza maharaj, kuhani wao, hekaluni.

Jumatano, 17 Septemba. Ekadashi ya tatu: kikaango cha vitumbua

Maharaj amesema mzizi ni mzizi; kama sabudana inaliwa, muhogo unaliwa. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Leo nilikuwa na kazi ya vada, zile kababu za sabudana, mbatata na karanga ambazo mjukuu wa Ba anazipenda. Zinazama kwenye mafuta ya moto, na mwaka 2022 moja ilinipasukia, mafuta yakaniruka mkononi, alama ninayo. Kipunje ambacho hakijalowana vizuri kinapasuka kikikutana na mafuta. Ukiacha hatari, kila vada moja inakunywa mafuta ambayo Ba hayahitaji.

Nikalitazama kabati, nikaona kikaango changu cha vitumbua, kile cha chuma chenye mashimo saba nilichokuja nacho kutoka Tanga. Nikapaka kila shimo samli kwa ncha ya kijiko, nikatia donge, nikafunika, dakika nne, nikageuza kwa kijiti, dakika tatu. Zimetoka za mviringo, ngozi kavu ya dhahabu, ndani laini. Vijiko viwili vya samli kwa vada ishirini na moja, badala ya nusu lita ya mafuta. Mjukuu hakuuliza kwa nini zimebadilika umbo, alikula tano.

Mchanganyiko: sabudana iliyolowekwa kikombe kimoja, viazi viwili vya kuchemsha, karanga zilizotwangwa kikombe kimoja kamili, pilipili mbichi, tangawizi, ndimu, chumvi ya kikopo.

Za mwanzo ziling'ang'ania kwa sababu kikaango kilikuwa hakijapata moto wa kutosha. Kipashe dakika tano kabla.

Jumatatu, 22 Septemba. Siku ya kwanza

Asubuhi garbo limewekwa sebuleni, mtungi wa udongo wenye matundu na taa ndani, utawaka kila usiku wa Navratri. Jana jioni nilimpima Ba: kilo 52.4.

Ratiba ninayoifuata: saa moja, ladu moja na kikombe cha maziwa pamoja na dawa. Saa nne tunda. Saa saba mlo mkuu. Saa kumi karanga za kuchemsha au mtindi. Saa moja jioni mlo mwepesi kabla hajakwenda kwenye garba, ngoma yao ya usiku wa Navratri. Kila mlo mkuu lazima uwe na kimoja kati ya karanga, rajgira, mtindi au paniri. Paniri natengeneza mwenyewe kwa lita moja ya maziwa na ndimu mbili. Maji yake simwagi, nakandia mikate.

Leo hakuna la kuandika. Ameshiba, amelala vizuri.

Jumatano, 24 Septemba. Kizunguzungu

Saa nne asubuhi Ba alishika ukuta. Moyo wangu ulikwenda mbio. Nikamkalisha, nikampima presha kwa mashine ya nyumbani, ilikuwa chini kuliko kawaida yake. Tulimpigia daktari, akauliza jambo moja tu: amekunywa maji kiasi gani tangu jana. Tulipohesabu na mkwe wake, ilikuwa glasi tatu. Jana usiku alikaa kwenye garba mpaka saa sita, ukumbi umejaa, joto kali, anapiga makofi na wanawake wenzake, na hakunywa kitu kwa sababu hakutaka kuhangaika na choo cha ukumbini.

Daktari akasema anywe, apumzike, na kikimrudia aletwe mara moja.

Nilikuwa nimeangalia sahani wiki zote hizi, sikuiangalia glasi. Tangu saa tano leo kuna jagi la lita moja na nusu mezani, na mstari wa wino kila robo. Mstari wa mwisho lazima ufikiwe kabla ya jua kuzama, ili usiku asisumbuke. Juu ya hayo, saa nne anapata chaas: mtindi kikombe kimoja, maji vikombe viwili, jira iliyokaangwa na kusagwa, chumvi chembe kutoka kikoponi. Saa kumi dafu moja, Sh 1,500. Na mjukuu wake ameahidi kumsindikiza chooni ukumbini bila Ba kulazimika kuomba.

Jioni presha ilikuwa imerudi. Alikwenda garba, akarudi saa nne.

Ijumaa, 26 Septemba. Boga, na tumbo

Jambo ambalo watu hawaliandiki: chakula cha mfungo kinafunga choo. Sabudana, viazi, maziwa, hakuna kinachosukuma. Tangu jana Ba alikuwa analalamika tumbo.

Leo ni siku ya Kushmanda, sura ya nne ya Mungu Mama, na jina hilo kwao linahusishwa na boga. Nikaona tumbo na sikukuu vinataka kitu kimoja. Boga nusu, nililikata na ganda lake laini, nikalipika kwa samli kidogo, jira, tangawizi, pilipili na tui zito mwishoni. Halikuhitaji sukari. Asubuhi papai, na viazi vitamu vya kuchemsha vikaliwa na maganda yake, baada ya kuvisugua sana. Sabudana nimeipumzisha siku mbili nzima.

Jumamosi asubuhi, naongeza mstari huu: tumbo limefunguka. Papai sasa ni la kila siku.

Jumanne, 30 Septemba. Ashtami, na muhogo wa nazi

Leo siku ya nane ya mwezi wao, siku kubwa. Ba alirudi kutoka hekaluni akaniambia nimpikie "ile ya kwenu". Nilijua anachotaka, kwa sababu kila Ramadhani anaisikia harufu yake nikijipikia futari.

Nilichagua muhogo mtamu, mweupe, usio na mistari myeusi. Nikaumenya mpaka ngozi ya pili ya ndani, nikatoa mzizi wa kati, nikauchemsha bila kufunika na kumwaga yale maji ya kwanza. Muhogo una sumu yake, na ule mchungu usiuguse kabisa. Kisha tui jepesi, pilipili mbichi nzima, tangawizi, ukaiva mpaka ukapasuka. Tui zito, ndimu, chumvi ya kikopo. Vitunguu sikutia, na nakiri nilidhani vitakosekana. Havikukosekana. Pembeni niliweka karanga zilizokaangwa na vipande vya paniri, maana muhogo wenyewe ni wanga, kama sabudana tu.

Ba alikula taratibu. Akasema hii amewahi kuila akiwa mtoto, Pangani, kwa jirani, ila si siku ya mfungo.

Alhamisi, 2 Oktoba. Kufungua

Asubuhi ya Dussehra Wagujarati wanafungua kwa fafda na jalebi, yaani unga wa dengu uliokaangwa na kitamu cha sukari. Mwaka jana alikula vya kutosha, akatapika mchana. Safari hii tumekubaliana: kwanza uji mwepesi wa moraiyo na mtindi, nusu saa baadaye kipande kimoja cha fafda na jalebi moja. Mchana wali laini na choroko. Hakutapika.

Uzito: kilo 51.8. Amepungua gramu 600. Hakuanguka.

Jumapili, 5 Oktoba. Hesabu na yaliyobaki

Vitu vikavu Sh 89,000. Maziwa lita mbili kwa siku, siku kumi, Sh 60,000. Matunda, viazi, boga, nazi, muhogo, madafu, Sh 68,000. Jumla ya siku kumi ni Sh 217,000, ambayo ni Sh 21,700 kwa siku, akila Ba milo yote na mkwe wake mlo wa jioni. Mbali na hapo, majaribio yaliyotupwa au kugawiwa: sabudana 4,000, mtindi mara mbili 7,000, mbegu na kusaga 9,000, unga wa mikate iliyovunjika kama 4,500. Sh 24,500.

Zimebaki: sabudana zaidi ya nusu kilo, karanga robo kilo, chumvi karibu yote. Mwakani sabudana nusu kilo inatosha na karanga ziwe kilo nne.

Ijumaa ilikuwa Ekadashi tena, siku moja tu baada ya kufungua, na Ba alifunga. Aliomba vada za kikaango cha vitumbua, na jagi alilijaza mwenyewe.

Jambo moja sijalimaliza. Mikate ya rajgira ikilala inakauka na kukatika, kwa hiyo bado napika asubuhi na jioni. Ekadashi ijayo nitajaribu kukandia kwa boga lililopondwa mahali pa kiazi, nusu ya mikate hivyo na nusu kwa muhogo, niifunge kwenye kitambaa chenye unyevu usiku mzima. Nitaandika itakavyokuwa.